Damu ya Kitinda Mimba

Saa moja na nusu asubuhi, benchi la maabara limeshajaa. Mtoa damu anafunga mpira kwenye mkono wa mzee mmoja, anaupapasa mshipa kwa kidole. "Babu, tazama ukutani. Ukinitazama mimi utaniogopa bure." Mzee anacheka. Kufumba na kufumbua, sindano imeingia na kutoka.

Kwa miaka kumi na saba amekuwa akihudumia watu hamsini kwa siku. Kati ya wote hao, mmoja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Kitinda mimba huyo ana miaka arobaini na mbili, na alizaliwa na sindromu ya Down. Nyumbani wanamwita Kalenda, maana siku ya kuzaliwa ya kila ndugu ilikuwa kichwani mwake. Anakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo.

Mwaka jana alianza kukunja shuka, kulikunjua, kisha kulikunja tena. Mchana mmoja wakila, akauliza, "Dada, mama anakuja saa ngapi?"

Mama yao alifariki miaka tisa iliyopita.

"Nilimsogezea sahani," anasema dada. "Nikamwambia, kula kwanza."

Ndipo wakaja watafiti, wakitaka damu ya watu waliozaliwa na hali kama yake. Wanapima protini fulani zinazohusishwa na mabadiliko ya ubongo yanayoleta ugonjwa wa kusahau. Kalenda alikubali kwa sharti. "Nitoe wewe, dada. Wengine wanaumiza."

Majibu yalipotoka, daktari wa utafiti hakuzunguka mbuyu. "Zimepanda. Haziniambii ni lini atasahau yote, na dawa ya kumrudisha alivyokuwa sina. Ila tumejua mapema."

"Mapema ya nini, daktari?"

"Ya kukaa naye."

Mwaka huu, siku ya kuzaliwa ya dada, simu ambayo Kalenda humpigia kila mwaka kumwimbia haikulia. "Nilikaa nayo mfukoni mpaka saa sita usiku. Mtu mzima na mvi zangu, nasubiri kuimbiwa!" Anacheka, kisha anageuka kupanga chupa ambazo zimeshapangwa.

Mwezi ujao anachukua likizo, siku ishirini na nane. Atampeleka mdogo wake kwenye nyumba walimozaliwa. Mpangaji anayeishi humo sasa amewaruhusu kuingia vyumba vyote.

"Yeye ndiye anayekumbuka nani alilala wapi, na mama alikuwa akituitaje," anasema. "Atanisimulia, nami nitaandika. Akisahau, nitamsimulia mimi."