Mbegu za Mgunga Nilizozichemsha

Madam wangu wa Riyadh alipenda mti mmoja tu, mgunga, ambao wao huuita talhi. Kila majira ya baridi familia ilikwenda jangwani kuota moto na kunywa kahawa, nami nikiwabebea mikeka na mabirika. Huko ndiko alikookota maganda makavu ya mgunga. Alizipanda mbegu mwenyewe kwenye vyungu juu ya paa, akazimwagilia kwa subira, na hakuna iliyoota.

Mimi nimekulia Baringo, nikichunga mbuzi. Kwetu kila mtoto anajua kwamba mbegu ya mgunga iliyopita tumboni mwa mbuzi ndiyo huota upesi, kwa sababu gamba lake ni gumu mno. Mbuzi sikuwa naye. Nikazikwaruza kwenye saruji ya paa, nikazimwagia maji moto, nikaziacha humo hadi asubuhi. Zilivimba. Nikazipanda kwenye chupa za maziwa ya laban nilizozikata shingo na kuzitoboa chini, maana mzizi wa mgunga hukimbilia chini kabla jani halijaamka.

Zilipoota, madam alinishika mkono mbele ya wageni akasema mkono huu una baraka. Nilifurahi, sisemi uongo. Paa ndipo mahali pekee nilipoiona mbingu. Lango la chini lilikuwa na ufunguo, na ufunguo haukuwa wangu.

Mkataba wangu ulipokaribia kwisha, dada yake wa Jeddah alikuja kutembea, akaiona miche, akaitamani. Huko wafanyakazi tunaazimwa kama sufuria za harusi. Madam akaniambia niende Jeddah nikamwoteshee dada yake michache, kisha halas, basi, nirudi kwetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa langu kabla sijavua viatu.

Nikaotesha. Mkataba ukaisha. Madam wa Jeddah akasema nisubiri miche ipandwe ardhini. Ikapandwa. Akasema jirani naye anaitaka, halafu mkwe wake. Pasipoti yangu ilibaki Riyadh, mimi niko Jeddah, na kila nilipouliza nilijibiwa kwa upole, jambo lililoniudhi kuliko matusi. Wakenya wenzangu waliopanga vyumba mtaa wa Bani Malik, humo humo Jeddah, niliwasikia kwa simu tu, wakilalamikia kodi na teksi, nami nikawaonea wivu hata kwa shida zao. Nilijiona nimezikwa nikiwa hai. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema ufanye nini ukikatazwa kwenda.

Siku moja madam huyu wa Jeddah alinipa mfuko mwingine wa maganda. Nikamuuliza, "Madam, mimi naenda lini?"

"Ukiotesha hizi. Yalla, wewe ndiye unayejua."

Siku hiyo sikuzimwagia maji moto. Nilizitia sufuriani, nikawasha jiko, zikachemka hadi nikamaliza kukata vitunguu vyote vya wali wa kabsa. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Nikazipanda kwa adabu zote, nikazimwagilia kila asubuhi mbele ya macho yake.

Hazikuota. Jioni madam alipanda paani, akainamia chupa moja moja, akalaumu upepo wa bahari. Alianza kuchoka. Mwishowe akaniambia kwamba akija tena asione kitu, basi, hanizuii, atamwambia dada yake anikatie tiketi. Siku ile nilipika huku nikiimba.

Kesho yake nikapanda paani, na katika chupa ya mwisho, karibu na ukuta, palikuwa na kichipukizi. Kimoja tu. Kilikuwa bado kimebeba gamba la mbegu kichwani. Sijui kilisalimikaje kwenye moto ule. Kwetu mtoto aliyeng'oa mche wa mgunga huchapwa, kwa kuwa wakati wa ukame mbuzi hawana kingine. Nilisimama pale nikitaka kulia, kwa kukipenda na kwa kukichukia.

Nikasikia kandambili za madam kwenye ngazi. Nilikivuta pamoja na mzizi wake, nikakitia mdomoni.

Aliinamia chupa ya kwanza, ya pili, hadi ile ya ukutani. Akanitazama.

"Mafi? Hakuna?"

Kilikuwa kichungu. Nilimeza kwanza.

"Mafi, madam."

Jioni ile alimpigia dada yake simu kuhusu pasipoti yangu.