Jirani na Mbao Zangu za Kijani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo jirani yangu, mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, alipoanza kusimama kila asubuhi kwenye ua wa mbao unaotenganisha viwanja vyetu pale Ndosho, akiniuliza swali lile lile, nilikosa raha.

"Mama, leo ni rangi gani?"

"Kijani," nilimjibu siku ya kwanza.

"Aksanti, mama." Akarudi kwenye magunia yake.

Nani anashukuru kwa kuambiwa rangi? Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Alikuwa anatazama mbao zangu moja baada ya nyingine, bila kucheka wala kushangaa, halafu anaondoka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Watu wengine wakiona kazi yangu hucheka, na mtu anayecheka angalau unajua anafikiri nini.

Mimi huchora rangi peke yake. Sichori watu, sichori ziwa, sichori wanawake wenye mizigo mgongoni kama wageni wanavyopenda. Nachukua ubao wa triplex mkubwa kama mlango, naupaka tabaka nyembamba, nauacha ukauke juani, napaka tena, mpaka rangi ionekane inatoka ndani ya ubao wenyewe. Mwaka huu nilikuwa nimeshikwa na kijani. Nilikuwa nasaga jiwe jeusi la volkano, hili tunalolikanyaga kila siku, na kutia unga wake kidogo sana ndani ya rangi ili ipate kina. Ubao mmoja ulinichukua miezi mitatu, na kando yake kulikuwa na vibao vidogo vya kujaribia. Vyote vilikauka nje, vimeegemea ukuta. Ndugu zangu wa Butembo, ambao ni wafanyabiashara, wakipita kunisalimu huuliza picha yenyewe itaanza lini.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa macho ya watu. Kabla ya hapo mchoraji mwenzangu alinitembelea mara tatu, tukanywa chai na kusifiana, na baada ya miezi michache nikaikuta bluu yangu kwenye picha zake. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa nikafikiri: huyu mama ametumwa na nani? Labda na yule yule mchoraji. Labda na mwenye kiwanja, aliyekuwa anatafuta kisingizio cha kunitoa. Au labda na wenzake wa kikundi cha maombi, maana niliwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini mwanamke mzima anapaka mbao zisizo na maandishi.

Nikaamua kumtega. Jioni moja nikageuza mbao zote, uso ukutani, mgongo nje. Asubuhi alikuja, akatazama, hakuuliza kitu. Nilimwona kupitia dirisha akishika kichwa kwa mikono miwili. Kabla ya saa sita godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba mlangoni, sufuria ndani ya beseni, na mama yake mzee ameketishwa juu ya gunia akiwa amevaa viatu.

Nikasema moyoni, huyu ameniibia na sasa anakimbia. Niliingia ndani nikahesabu makopo, brashi, hata mawe ya kusagia. Hakuna kilichopungua, na hilo likanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwizi ambaye huoni alichoiba ni mwizi hatari. Mchana nikageuza mbao tena, kwani rangi ilikuwa bado mbichi na ingekauka vibaya. Haukupita muda jirani akafungua kamba, akalirudisha godoro ndani, akamvua mama yake viatu.

Hapo nilishindwa. Nikaenda mpaka kwenye ua.

"Mama, niambie ukweli. Nani anakutuma kuangalia kazi yangu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtoto wake mwenyewe.

"Hakuna mutu ananituma. Mi naangalia sababu ya volkano. Si weye njo unaandika alerte?"

Ilibidi anieleze polepole, na nilivyozidi kusikia ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Kwenye njia panda ya mtaa wetu kuna kibao cha tahadhari ya volkano, ndiyo hiyo alerte, chenye miraba minne ya kijani, njano, rangi ya machungwa na nyekundu, na mshale wa kuonyesha hali ya siku. Mshale huo ulikuwa umeliwa na kutu ukaanguka, na hakuna aliyeurudisha. Miraba ilipofifia, chefu, kiongozi wa mtaa, aliniomba niipake upya, nikaipaka mchana mmoja nikasahau. Jirani alikuwa anapita na gunia lake la makala kichwani, akaniona juu ya ngazi, brashi mkononi, mbele ya ile nyekundu. Siku chache baadaye akaona mbao zangu nje, zote rangi moja. Akaelewa kwamba mshale sasa unakaa kwangu, na kijani ikitoweka ni kukimbia.

"Mara ya mwisho mulima ulipasuka, hakuna mutu alituambia," alisema. "Nyumba yetu ya Majengo iliungua. Mudogo wangu alipotea mu njia, mpaka leo. Basi nikasema, nimeshapata mutu mwenye kujua, na iko karibu."

"Lakini mimi sijui chochote, mama. Hii ni kazi yangu tu. Napaka rangi ninayoipenda."

Alitazama huku na huku, kisha akasogea.

"Banakukataza kusema?"

Niliapa. Nikaapa kwa Bikira Maria, nikaapa kwa marehemu baba yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kwa kuwa alishajua kwamba mtu aliyekatazwa kusema huapa hivyo hivyo. Katika mji huu lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mwenye kukana sana ndiye mwenye habari. Mimi mwenyewe nisingemwamini mtu kama mimi.

Kisha akanishukuru. Alisema kwa vile rangi ya majani imekaa karibu mwezi mzima, posho, yaani Jumamosi, anawachukua mama yake na watoto wake wawili kwenda Kibati, chini ya mlima, walale huko shambani mpaka maharage yavunwe. Peke yake asingethubutu. Mimi ndiye niliyempa moyo.

Siku mbili zilizofuata sikufanya kazi. Nilimwendea tena mara mbili na kumweleza, na mara zote alinijibu "ndiyo, mama" kwa upole, huku akiendelea kufunga vyombo. Nilijua mlima unaweza kukaa kimya miaka mingi. Nilijua pia kwamba ukiamka, Kibati hawana muda hata wa kutafuta viatu, na wale wanne watakuwa wamelala pale kwa sababu mimi nilipenda kijani. Niliogopa kweli kweli.

Ijumaa nikaufuata ule ubao mkubwa. Nilikuwa nimeupaka tabaka ishirini na kitu, na sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko kile. Nikafungua kopo la nyekundu, rangi ya kawaida ya kupakia milango, nikaufunika wote kuanzia juu mpaka chini. Nililia, na nilimkasirikia yeye kuliko mlima. Nikaviingiza ndani vibao vya kijani, nikauegemeza ule mahali palipoonekana zaidi.

Posho asubuhi alikuja, akasimama muda mrefu. Hakuuliza ni rangi gani. Akarudi kwake akaanza kufungua mizigo, na nikamsikia akimwambia mama yake kwamba safari haipo.

Sasa ni wiki ya tatu. Sijapata ujasiri wa kuutoa ubao ule. Kila asubuhi anakuja, anauona, anarudi. Wenye pikipiki wamezoea kupunguza mwendo mbele ya lango langu, na nashuku amewaambia. Kule Kibati maharage yamekauka, yanaanza kupasuka yenyewe na kumwagika chini, na watoto wake wanakula mara moja kwa siku. Nimewapelekea unga. Aliupokea kwa mikono miwili.

Jana hakutazama ubao hata kidogo. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, utuwekee rangi ya majani siku mbili tu. Nivune, kisha utarudisha nyekundu yako."

Nilimchunguza usoni nione kama ananitania, au kama alishajua siku nyingi. Sikuona kitu cha kushuku. Nikageuka kuangalia upande wa mlima, na mawingu yalikuwa yameufunika wote. Nilipomgeukia alikuwa bado yuko pale, mkono juu ya ua, akinisubiri niamue.