Rangi ya Kijani Juu ya Jeneza la Wafula

Hii stori kabla niianze huwa naangalia kwanza kama kuna mtu wa Bungoma karibu, maana aibu yake haijapoa mpaka leo, na mbaya zaidi ni kwamba hakuna mtu alinituma, nilijipeleka mwenyewe na mdomo wangu huu. Mimi ni Karanja, fundi wa AC za magari hapa Gitothua, Ruiru, na aliyenifundisha hii kazi ni Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja Thika kufanya kazi ya kiwanda, akachoka na kiwanda, akashika spana, tukakaa gereji moja naye miaka mingi mpaka kifua kikamshika, akaenda hivi hivi tukimwangalia.

Kwao mtu lazima arudishwe azikwe kwa boma ya babake, hiyo haina mjadala. Mamake hangeweza kuja kumchukua kwa sababu ya miguu, kwa hivyo kila siku alikuwa anampigia simu Nekesa (dada yake Wafula, yule tulimngojea sana atoke Saudia, ndio maana mwili ukakaa mochari muda wote huo) na neno lake lilikuwa lile lile: "Mniletee nimwone uso. Sitaki kitu kingine. Nimwone tu uso." Na yule mhudumu wa mochari pale Thika alikuwa ametuambia bila kuzunguka, mwili umekaa sana, dawa imefanya yenye inaweza, safari ya kutoka huku mpaka Bungoma na hili jua lazima gari iwe na baridi, na baridi isikatike njiani.

Sasa gari ya maiti tuliyopewa na kanisa, AC yake ya nyuma ilikuwa inapuliza joto kama jiko. Mzee Barasa, baba mdogo wa Wafula, akasema kwa mkutano wa matanga kwamba kuna jamaa wa Kalimoni ana gari nzuri, tumwombe yeye. Na mimi huyo nikasimama (hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu): "Mzee, gari ya kumpeleka Wafula itafutwe kwingine na mimi niko hapa? Hiyo itakuwa matusi. Niachieni." Watu wakapiga makofi. Makofi, kwa matanga! Nikajiona mtu.

Kutafuta liki ya AC ni kitu ya uvumilivu, kwa sababu gesi haionekani. Unaingiza hewa ya presha kwa paipu, unaangalia sindano ya geji, ikishuka ujue kuna mahali inatorokea, halafu unapaka povu la sabuni kwa kila kiungo mpaka uone pale linafura. Nikaipata, kwa paipu ya mbele, povu linatokota kama uji, nikafurahi, nikachomelea, nikaingiza hewa tena, nikaenda kunywa chai niiachie geji muda. Kurudi napata sindano imeshuka. Kidogo tu, upana wa ukucha. Tena juu kwa dari ya nyuma, pale AC ya nyuma imefichwa, nikaona doa la mafuta kwa kitambaa, na fundi yeyote wa AC akiona mafuta anajua gesi inapitia hapo, lakini kuangalia hapo ni kutoa dari yote, na mimi mgongo ulikuwa umeisha. Wafula alikuwa ananichekanga sana kwa hiyo tabia: "Karanja, wewe ukipata liki moja unaimba haleluya unaenda nyumbani."

Basi nikaigonga ile geji na kidole, nikaiambia wewe umezeeka, nikajaza gesi. Na pamoja na gesi nikatia ile rangi ya kijani ya kutafutia liki, yenye ukimulika na tochi yake inang'aa (sisi huitia kwa mazoea tu, siku gari ikirudi uone haraka inavujia wapi). Baridi ikaja safi. Nikaenda nyumbani, na kweli niliimba.

Asubuhi pale mochari nilivaa suti, nikasimama kwa mlango wa gari kama ni mimi nimeiunda. Familia ikaingia kumwona na kumvisha, Nekesa akaniita, "Karanja, si uje umwone?" Nikamwambia, "Nitamwona Ruiru uwanjani kwa ibada, wacha nihakikishe hapa kumepoa." Uongo! Nilikuwa namshika pasta mkono nikiuweka kwa tundu la AC, nikimuuliza, "Pasta, unaskia hiyo baridi? Unaskia?" Na pasta wa watu anaitikia tu, "Naskia, ndugu, naskia."

Tukafika Gitothua uwanjani, tenti zimejaa, kwaya imeanza, vijana wakavuta jeneza watoke nalo. Na kile kitambaa cheupe cha lesi juu ya jeneza, ambacho kina mama wa kanisa walikuwa wamekishona na mkono kilikuwa kimelowa katikati, kijani, kijani ile ya kung'aa, inateleza mpaka inadondoka kwa kiatu cha kijana wa mbele. Ngai! Yule kijana aliachilia, jeneza likalala upande mmoja, mama mmoja akapiga nduru kwamba Wafula anavuja, na kwaya ikakatika katikati ya wimbo, watu wakarudi nyuma wakiziba pua ilhali hakukuwa na harufu yoyote. Nekesa akaanguka hapo kwa nyasi.

Ni mimi peke yangu nilijua. Ile rangi ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa, imenionyesha liki yangu iko wapi, mbele ya kanisa lote. Nilitamani ardhi ifunguke. Nikapita katikati ya watu, nikasema na sauti ya mtu anayekufa, "Si yeye. Si Wafula anavuja. Ni AC. Ni rangi yangu." Kuna mtu alicheka, sitamtaja, na Mzee Barasa akanikaribia polepole akauliza, "Kijana, baridi iko?" Nikaweka mkono kwa tundu. Joto.

Na hapo ndipo ningenyamaza. Mzee akasema basi tumpigie yule wa Kalimoni, na mimi, badala ya kushukuru Mungu, nikasema, "Mzee, nipe nusu saa tu, sasa najua iko wapi." Nusu saa! Kutoa dari peke yake ilimaliza muda huo. Nikaipata AC ya nyuma, radieta yake ndogo imeoza na kutu, hiyo haichomelewi, inabadilishwa, na spea haikuwa Ruiru wala Thika, nilipiga simu mpaka nikatoka jasho kwa masikio. Kila mtu akija kuuliza nasema karibu, karibu. Ibada ikaisha, hotuba zikaisha, wakapanga laini ya kumwona mara ya mwisho, nikasikia miguu yao ikipita kando ya gari na wengine wakilia, na mimi nimelala chali na suti yangu, bisibisi mdomoni, nikisema nitamwona nikimaliza. Nilipotoka jeneza lilikuwa limefungwa, jua liko juu ya tenti, na yule wa Kalimoni alikuwa ameshachukuliwa na watu wengine.

Tukaenda hivyo. Madirisha wazi, vumbi inaingia, lori mbele yetu kila mlima. Nisiwaeleze sana. Kufika upande wa Eldoret kila mtu kwa ile gari alikuwa anasikia harufu, na kila mtu alikuwa anaangalia nje.

Tulifika kwao usiku, taa zimewashwa nje. Mamake alikuwa ameketishwa kwa kiti mbele ya nyumba, amevaa vizuri, kitambaa kipya kichwani, miguu imefunikwa na leso. Mzee Barasa akashuka kwanza, akaenda akainama, akamwambia kwa lugha yao, na sikuhitaji mtu anitafsirie. Jeneza halitafunguliwa. Hata kile kidirisha cha kioo cha kuonea uso, hapana. Mama hakupiga kelele. Nilikuwa nangojea apige kelele, ingekuwa afadhali. Alisema tu waliweke karibu, akaliwekea mkono juu, akakaa hivyo.

Halafu akauliza, "Karanja ndiye nani?"

Nekesa akanionyesha na kidole. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake na ile suti yangu yenye madoa ya kijani.

"Mwanangu alikuwa anakutaja kwa simu kila wakati. Alisema nyinyi ni ndugu." Akanishika mkono. "Wewe si ulimwona? Niambie basi. Alikuwa anakaa aje?"

Haki ya Mungu, nilitafuta kwa kichwa changu chote. Nilikuwa na paipu, nina geji, nina dari ya gari. Uso wa Wafula wa mochari sikuwa nao.

"Alikuwa amelala tu, mama," nikasema. "Vizuri."

"Ndevu walimnyoa? Hakuwa anapenda zikae."

"Walimnyoa, mama. Safi kabisa."

Nekesa alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alinitazama, nikajua nimekosea, nikajua atasema. Akainama akamshika mamake bega. "Ndiyo, mama," akasema. "Walimnyoa."

Mama akatingisha kichwa, akaanza kulia sasa, kidogo kidogo, kama mtu ameridhika.

Baadaye, nikichukua maji ya kunawa nyuma ya nyumba, Nekesa akanipata. "Alikuwa na ndevu mpaka hapa," akasema, akaweka mkono chini ya kidevu chake, halafu akaenda zake.

Siku hizi sindano ikishuka upana wa ukucha sigongi geji, natoa dari, na mteja akikasirika akasirike, aende kwingine. Na nikienda matanga, hata ya mtu nisiyemjua sana, mimi ndio wa kwanza kwa laini. Nasimama pale namwangalia yule mtu uso wote, ndevu, nyusi, kila kitu, mpaka walio nyuma wananisukuma.