Mjomba Hanywi Uji kwa Chupa

"Umesikia? Sindano anamshindisha mtoto njaa." Jirani wa chumba cha kona, tunayemwita Redio, aliniambia hivyo nikiwa naanika nepi. "Miezi mitano na nusu, uji hata wa kulamba hajampa!"

Niliendelea kuanika. Na mimi nina mtoto mchanga, najua maneno ya uani yanavyosambaa. Lakini mlango wangu unatazamana na wa Sindano, na nilichokuwa nakiona ni mtoto mwenye mapaja ya kukunjana.

Sindano ni fundi wa sare za shule. Jina alilipata kwa wembamba wake na ulimi wake. Mwanawe tunamwita Mjomba, maana alizaliwa amekunja uso kama mtu mzima aliyeletewa chai iliyopoa. Karakana ilimruhusu kushonea vifungo nyumbani mpaka mtoto afike miezi sita, kisha arudi. Asiporudi, cherehani yake inapewa mwingine. Kumlelea alikuja mama mkwe wake.

Mama yule si mbaya. Ila alilea saba kwa uji mwepesi wa chupa, na hao saba ndio cheti chake. Asubuhi moja nilimwona akichukua mkasi wa kazi wa Sindano, akakata ncha ya chuchu ya chupa ili uji upite. Sindano akatokea na ndoo ya maji.

"Mama, hiyo chupa ya nani?"

"Ya mjukuu wangu. Nimelea saba, wewe una mmoja."

"Saba ni wako, mama, nakuheshimu. Huyu ni wangu. Akitimiza miezi sita atakula, tena kwa kijiko, amekaa, anakiona anachokula."

"Basi mlee mwenyewe! Siku ukirudi kwenye cherehani yako, mimi simo."

Sindano akaichukua chupa, akaitupa kwenye pipa la taka, sote uani tunatazama. Mumewe alikuwa kizingitini, anatafuta soksi ambayo alikwisha kuivaa.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, Mjomba alitimiza miezi sita. Nilifuatana na Sindano mashineni. Alibeba mchele mtupu, ameuchambua, ameuosha na kuuanika. Msagaji alitaka kuumwaga moja kwa moja.

"Ngoja. Aliyetangulia kasaga karanga. Pitisha kwanza bakuli hili lisafishe mashine. Unga utakaotoka humo nitawapa kuku."

"Dada, unasaga mchele au dhahabu?"

"Nasaga chakula cha Mjomba. Pitisha."

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Njiani nikamuuliza kwa nini asinunue unga uliokwisha kuchanganywa nafaka saba, kama wenzake.

"Akitoka vipele nitamlaumu nani kati ya saba? Moja kwanza, siku tatu. Halafu ya pili."

Nyumbani aliupika uji mpaka ukaiva sawasawa, akaulainisha kwa maziwa yake mwenyewe, akainamisha kijiko. Uji ukang'ang'ania, haukudondoka. Ndipo akampakata Mjomba.

Kijiko cha kwanza alikitema chote.

"Si nilisema!" Redio akapiga makofi. "Kachelewa, hajui kula!"

Sindano akamfuta kidevu, akangoja. Cha pili kikarudi nusu. Cha tatu Mjomba alikimeza, akashangaa, kisha akafumba mdomo na kugeuza uso.

"Basi. Ametosheka."

"Vijiko vitatu?" mama mkwe akapaza sauti kutoka mlangoni. "Hata kuku hashibi!"

"Vitatu, mama. Kesho vinne, akitaka."

Jioni ile mama mkwe alifunga mfuko wake. Sindano alimbebea mpaka barabarani, akamkabidhi na sehemu ya unga, akampa heshima zote isipokuwa mtoto. Aliporudi hakuingia kwake, alisimama mlangoni pangu, Mjomba begani.

"Shoga, Jumatatu nisipofika, cherehani imekwenda. Nimekuona siku zote, unatazama, husemi. Naomba ukae na Mjomba. Maziwa nitakukamulia, uji nitakuachia unga upike. Mlishe kwa kijiko, na akigeuza uso, acha. Redio atakuja na maneno, na mama mkwe pengine atakuja na chupa nyingine. Naomba uwaambie hapana, tena kwa sauti, wakusikie mpaka chumba cha kona."