Njia ya Wageni na Kivuko cha Ng'ombe

"Mtu anayetembea bila kwenda popote, atajuaje kwamba amefika?"

Aliyeuliza ni bibi mmoja, jirani yetu, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji, miguu kainyoosha, mkongojo kaulaza mapajani. Aliniuliza mimi, hakumuuliza mtaalamu aliyetuletea mradi wa njia. Mtaalamu alikuwa mgeni, na kwetu mgeni haulizwi swali la kumwaibisha mbele ya watu. Mimi nilikuwa mtoto wa pale, niko likizo baada ya mwaka wa pili wa chuo kikuu, na kwa siku tatu za kuujadili mradi huo nilikuwa mwandishi wa mikutano. Nilikuwa na maswali ya kumuuliza kila mtu duniani, lakini la bibi nililiandika tu kwenye daftari.

Bibi hakuniacha.

"Huyo mtu hana mzigo?"

"Hana, bibi. Labda kibegi cha mgongoni."

"Haendi msibani?"

"Hapana."

"Hajapotelewa na ng'ombe?"

"Hapana, bibi. Anatembea tu. Anafurahia."

"Basi huyo anaumwa," alisema, na uwanja mzima ukacheka. Mtaalamu naye akacheka, ingawa sidhani kama alikuwa ameyasikia yote, maana bibi alikuwa anachanganya Kiswahili na Kiiraqw.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga wakati huo. Kulikuwa na barua zilizoendelea kutumwa Arusha, mkoa wetu wa zamani, na wazee walipotaja "mkoani" ilibidi uwaulize wanamaanisha wapi. Wilaya yetu ya Hanang yote ilikuwa na hamu ya miradi. Vijiji vingine vilipata visima, vingine vilipata mbegu. Sisi tulipata njia. Ilitakiwa ianzie chini ya mlima, ishuke kando ya kijito, ipite mashamba yetu upande wa Gendabi hadi tambarare. Kila upande wa kijito uachwe ukanda wa hatua kumi na tano, upandwe miti, usilimwe wala usichungiwe. Wageni watembee humo wakitazama ndege, na watoto wetu waogelee kwenye madimbwi siku za Jumapili bila kukanyaga kinyesi.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole, mwenye buti mpya zilizomchubua visigino, akawa anachechemea kwenye njia yake mwenyewe. Nilimhoji tangu siku ya kwanza. Njia hii nani ameiomba? Ikiota majani nani ataifyeka? Kwa nini wageni wapite huku wakati hata sisi tunapapita tukilazimika? Alijibu karibu kila swali bila kukasirika, na hilo liliniudhi kuliko majibu yenyewe.

Swali moja lilimshinda, nalo lilikuwa la kivuko.

Kijito chetu kina kingo za kusimama karibu kote. Mahali pamoja tu kingo zimelala, na pale ndipo ng'ombe walipokuwa wakishukia kwenye dimbwi refu, ambalo halikauki hata mwezi wa kumi. Aliyewaleta ng'ombe hao ni mzee mmoja mfugaji, aliyekaa chini kabisa, mashamba yanapoishia. Kila kiangazi, tambarare ikikauka, alipandisha kundi lake kupitia njia nyembamba kati ya mashamba yetu, na kila kiangazi kijiji kizima kilimpigia kelele. Wamekula mahindi. Wamevunja ua. Mama yangu, ambaye alikuwa na bustani ya vitunguu pembeni kabisa ya njia hiyo, alikuwa na maneno yake.

"Mzee, ng'ombe wako wamesoma kuliko wanangu," alimwambia kila wiki. "Wanajua hadi siku ambayo sipo."

"Nitawafokea, mama," mzee alijibu kila wiki, na kila wiki alimletea kibuyu cha maziwa.

Mstari wa njia kwenye karatasi ya mtaalamu ulipita juu ya kivuko hicho hicho. Kama ukanda ungefuatwa kama ulivyochorwa, ng'ombe wasingeshuka tena pale. Maji mengine ya kiangazi yalikuwa mwendo wa siku nzima kutoka kwa mzee, na kundi haliwezi kutembea kutwa kwenda kunywa na kutwa kurudi. Mke wa mzee alikuwa ameshamwambia mama: "Wakitufungia hapo, sisi mwezi wa nane hatupo." Wajukuu wao walikuwa wanasoma shule yetu. Wangeondoka nao.

Nikaamua kumtetea. Chuoni nilikuwa nimesoma habari za wanyonge na ardhi zao, na hapa nilikuwa nimempata mnyonge wangu, yuko mlangoni. Nilijua pia kwamba mtaalamu hasikii kilio, anasikia takwimu. Nikamwomba fomu zake, nikasema nitapita nyumba kwa nyumba nihesabu mifugo, ili kila mtu aone ni ng'ombe wangapi watakosa maji.

Nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, msomi. Leo unahesabu nini?"

"Ng'ombe."

"Andika wawili."

Nyuma yake, zizini, walikuwa watatu. Mmoja alikuwa ananitazama.

"Na yule wa tatu?"

"Yule ni mgeni," alisema mwenyekiti, akafunga mlango taratibu.

Ilikuwa hivyo kila nyumba. Mmoja. Wawili. Mmoja, na huyo ana kikohozi. Mtu mmoja aliniambia hana ng'ombe kabisa huku ameshika kamba, na kwenye ncha ya pili ya kamba kuna ndama. Nilijua kwamba kwa miaka mingi aliyekuja na daftari kuuliza ng'ombe alikuwa mtu wa kodi, kwa hiyo nilijieleza mpaka koo likakauka: mimi si wa kodi, mimi ni wa njia. Walinikaribisha, wakanipa maziwa, wakapunguza ng'ombe mmoja. Nyumbani kwetu baba alisema, "Watatu. Si unawajua? Si ulikuwa unawachunga?" Mama, aliyekuwa anapepeta maharage, akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika watatu.

Kwa mzee nilifika jioni. Aliitazama fomu muda mrefu, kama mtu anayetazama wingu.

"Andika wengi," alisema.

"Wangapi, mzee?"

"Wengi wa kutosha."

"Wote ni wako?"

Alimfukuza inzi aliyetua mkononi mwake. "Wanalala kwangu."

Nikakaa juu ya jiwe, nikawahesabu mwenyewe walipokuwa wanaingia zizini, nikapoteza hesabu mara mbili, nikaanza upya. Kwenye sehemu ya mmiliki niliandika jina lake.

Siku ya tatu nilibandika karatasi kubwa ukutani. Nilikuwa nimechora nguzo za idadi ya ng'ombe kwa kalamu nene: vinguzo vifupi vya kijiji, kama visiki, na pembeni nguzo moja ya mzee, ndefu mpaka juu ya karatasi. Niliipenda kazi yangu. Nilisimama kando yake kama mtu aliyepiga picha na simba.

Mtaalamu aliitazama, akaanza kutikisa kichwa kwa furaha.

"Ahsante sana, dada. Umetusaidia. Kumbe kivuko hiki chote ni cha kaya moja tu! Njia itatumiwa na kijiji kizima, kivuko kinatumiwa na mtu mmoja. Nadhani hapo wananchi mmeshajionea wenyewe."

Nilisogea mbele ya karatasi yangu, nikaiziba kwa mgongo.

"Sikumaanisha hivyo," nilisema.

"Lakini takwimu ni zako, dada."

Zilikuwa zangu. Nilimtazama mzee. Alikuwa amekaa nyuma ya watu wote, anatazama katambuga zake za tairi, na nilingoja aseme neno lolote: kwamba atahama, kwamba ana wajukuu, hata anitukane. Alikung'uta vumbi kwenye katambuga. Mke wake alikuwa amejifunika shuka mpaka puani.

"Basi tuulize," alisema mtaalamu. "Kivuko kifungwe, ndiyo au hapana?"

Ulikuwa mkutano ambao tangu juzi watu walisema bila hata kumeza mate, na sasa watu wote walikuwa wanaangalia mlima. Ndipo mwenyekiti akakohoa. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na orodha ndefu kuliko wote ya mahindi yaliyoliwa, kwa hiyo nilijua kinachokuja.

"Mtaalamu," alisema, "mgeni ana miguu miwili, au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi akifika pale, apinde."

"Apinde aende wapi?"

"Apande juu kidogo, avuke kwenye daraja la magogo, ashuke upande wa pili. Si umesema amekuja kutembea? Sisi tunamwongezea."

Watu walicheka, na kicheko kikafungua midomo. Mwingine akasema kama wageni wanapanda ndege kuja kutazama pundamilia, ng'ombe watawadhuru nini, tena hawa wana na pembe. Mwingine akasema miti ya ukandani itahitaji mbolea, na mbolea inatoka wapi? Mwingine akauliza kwa ukali ni nani hasa amewahi kuliwa mahindi na ng'ombe wa mzee, kama vile yeye hakuwahi kulia mbele ya ofisi hiyo hiyo na mabua mkononi.

Halafu mama akasimama. Nilifumba macho.

"Mimi ndiye niliyeliwa vitunguu kuliko watu wote hapa," alianza.

"Kweli, mama wa msomi," watu wakaitikia.

"Hakuna anayenishinda."

"Hakuna!"

"Lakini ng'ombe ukimfungia mlango atapita dirishani, na dirisha ni shamba langu. Waacheni wapite palepale."

Akaketi. Bibi wa mkongojo akamalizia kutoka kwenye nyasi: "Angalau hao wanajua wanakokwenda."

Mikono ya kukiacha kivuko ilipoinuka niliihesabu mara mbili, kwa sababu sikuiamini. Mkono pekee uliobaki chini ulikuwa wa mzee mwenyewe. Alisema mtu hapigi kura kwenye jambo lake. Njia ipinde, kivuko kibaki. Mtaalamu akachukua kalamu, akachora kona kwenye mstari wake ulionyooka, kwa huzuni ya mtu anayetia kiraka kwenye suruali mpya.

Alipokuwa anapakia vitu kwenye gari aliniita pembeni. "Dada, wewe ni wa hapa. Watu hawa wamelalamika siku mbili nzima. Nini kimetokea?"

"Utu," nilimwambia. Nilisema kwa kiburi kidogo, kana kwamba utu huo nilikuwa nimeupanda mimi.

Niliamini. Niliporudi chuoni niliandika kurasa nyingi kuhusu mshikamano wa wakulima na wafugaji, na mwalimu wangu akanipa alama nzuri. Njia ilikatwa. Miti mingi ilikufa mwaka wa kwanza, iliyobaki ikawa mirefu. Wageni huja wawili watatu, hupanda kwenye kona ya mwenyekiti, huvuka magogo wakishikana mikono, na wengi husimama hapo juu muda mrefu kupiga picha ng'ombe wanaokunywa maji. Jumapili watoto hurukia dimbwini. Mzee hakuhama. Mama aliendelea kumsimanga kila wiki, naye aliendelea kuleta maziwa.

Miaka ilipita, nikapata kazi Babati. Mshahara wa kwanza ulipokelewa na ukoo mzima. Wa pili hivyohivyo. Ada ya binamu, bati la shangazi, nauli ya mtu nisiyemfahamu vizuri. Niligundua kwamba kitu kinachoonekana nyumbani kwetu huwa cha wote, na nikaanza kuweka akiba kimyakimya mpaka nikafika mnadani Katesh, nikanunua mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Sikuwa na zizi. Wala sikutaka nyumbani wamwone. Nilimwongoza kwa kamba hadi chini, mashamba yanapoishia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na karatasi?"

"Leo nimekuja na ng'ombe."

Tulipatana haraka kuliko nilivyotegemea. Maziwa achukue yeye, ndama tutaelewana. Alimzunguka mtamba, akamgusa mgongo, akamsifu. Nikamwambia kuna jambo moja: nyumbani wasijue. Baba asijue, na hasa mama asijue.

Mzee alianza kucheka. Alicheka akajishikilia kwenye ua wa zizi, mke wake akatoka nje kuangalia kuna nini, naye alipoelezwa akaanza kucheka. Nilisimama pale na kamba yangu, nikiwa msomi kuliko wote katika zizi lile.

"Ulidhani wale wote ni wangu?" alisema alipopata pumzi. "Siku ile ulipokaa juu ya jiwe ukihesabu, wangu hawakufika hata nusu."

"Na waliobaki? Wa mwenyekiti?"

"Ya watu sisemi. Nikisema ya watu, kesho nani ataniletea ng'ombe? Lakini ya nyumba yenu nitakwambia, kwa sababu sasa na wewe una ng'ombe, na mwenye ng'ombe hana mdomo. Kutoka nyumba ile, wewe ni wa tatu."

Baba alikuwa na ng'ombe kwa mzee tangu kabla sijazaliwa. Mama alianza na mmoja, aliyemnunua kwa vitunguu vyake, na siku ile ya mkutano walikuwa wamefika wanne. Kila mmoja alikuwa amemwomba mzee asimwambie mwenzake.