Vidonge Vinne Kabla ya Posa

Aibu hii afadhali muisikie kwangu kuliko kwa mashemeji zangu, maana wao hutia chumvi.

Nilikuwa na gesi tumboni miezi kadhaa, nikila mbaazi tu tumbo lajaa na kunguruma, basi mwenye duka la dawa pale Mwembe Tayari akaniuzia vidonge vya bakteria wazuri, wale wanaosaidia usagaji wa chakula, akanisisitizia kimoja kwa siku, nisiwe na haraka, kwani mwanzoni vyaweza kuongeza gesi hadi tumbo lizoee. Nikamwambia naam. Lakini kesho yake alasiri kulikuwa na posa ya mdogo wangu Nassir, baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, msemaji ni mimi, na sikutaka tumbo liseme kabla yangu. Nilipofika nyumbani Buxton nikameza vinne kwa mpigo (akili nyingi huondoa maarifa), nikateremshia na maziwa lala bilauri mbili.

Nassir alimpenda Rukia hata akawa hali chakula vizuri. Ami yake binti, Mzee Swaleh, alikwisha kuirudisha posa ya kwanza, akisema kwetu hatuna utulivu. Safari hii akikataa, basi tena.

Tukaenda wanaume wanne, Nassir mwenyewe akabaki nyumbani na simu mkononi. Kwa kina Rukia ni nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, wanaume hukaa ukumbi wa mbele, na choo kiko nyuma kabisa, kupita walipo wanawake. Mgeni hajiendei tu. Mwenye nyumba hutangaza kwa sauti kuwa pana mwanamume anapita, wanawake wajistiri, ndipo upite.

Zikaletwa mahamri na mbaazi za nazi, na kukataa chakula cha ukweni ni matusi, nikala. Nikaanza maneno yangu, bismillahi na salamu za wazee, na kabla sijamtaja Nassir ikanibidi niombe njia. Mzee akatangaza. Nikarudi, nikaanza tena, nikaomba njia tena. Mara ya tatu nilisikia wanawake huko ndani wakicheka kabla hata hajatangaza, na naamini Rukia alikuwemo.

Niliporudi Mzee Swaleh akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, umekuja kuposa au kukagua choo?"

Nikamweleza yote, vidonge na maziwa, sikuficha kitu, jasho lanitoka. Mzee akasema yeye mwenyewe ana tumbo hilohilo, na mtu anayekubali kufedheheka namna hii kwa ajili ya nduguye si mtu wa kurudishwa mara mbili. Nilitaka kumshukuru, lakini tumbo halikuningoja, nikaomba njia mara ya nne.

Nikiwa huko nikasikia fatiha inasomwa ya kufungia posa ya mdogo wangu, niliyotumwa kuisimamia, na wote wakaitikia amin. Chooni hataji mtu jina la Mungu wala haitikii dua. Nikauma midomo, nikanyamaza, na nakiri iliniuma sana.

Tukiwa njiani Nassir akapiga simu. Nikamwambia wamekubali. Akalia, kisha akauliza, "Nawe kaka, uliitikia amin?"

Nikamwambia niliitikia kwa moyo. Tangu siku hiyo nameza kimoja, kama nilivyoelezwa, na siku ya kwenda kwa watu simezi kabisa.