Mama Mdogo Aliyegawa Nyama

Mwenzangu, juzi niko uani nachambua majani ya maboga, mara mjukuu wangu huyo, kashuka kwenye bajaji, macho mekundu. Shikamoo yenyewe kaimeza nusu. Ana mimba ya miezi minne, na hospitali wamempima damu wakamwambia mtoto atakuwa na Down sindromu. Mumewe anataka itolewe. Padri kasema asithubutu. Kwenye simu yake huko watu wasiomjua wanatukanana, huyu haki ya mama, yule uhai wa mtoto. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amekula.

Nikampa chai na viazi. Akasema, "Bibi, watoto hao wanakuwaje?" Nikacheka mpaka akanikasirikia. Maana mimi nimekua na mmoja!

Alikuwa mama mdogo, wa tumbo moja na mama yangu, kule Matogoro nilikolelewa kwa bibi. Hilo jina la kidaktari hatukulijua. Tulijua vile vijicho vyake vya kupanda juu, vidole vifupi vilivyojaa, na kicheko kilichotangulia kabla hujamaliza kuchekesha. Mvua zikianza tulikwenda naye msituni kuchuma uyoga. Yeye alirudi na mmoja tu, kaushika kwa mikono miwili, na kila tuliyekutana naye njiani lazima auone. Kutwanga aliweza, ila wimbo ukimnogea alitupa mchi akacheza, na sisi na njaa yetu tukangoja.

Sasa Jumapili tukitoka misa ndiyo siku ya kuku. Watoto wote bakuli moja, na kwetu nyama haiguswi. Mnakula ugali na mchuzi, nyama inakaa chini, mwisho mkubwa wa bakuli anagawa. Mkubwa alikuwa yeye. Weee! Huyu paja, huyu shingo, huyu bawa, na mwenyewe anabaki mkono mtupu, wala hanuni. Jirani akamwambia bibi, "Mama, huyo asiye na akili unampaje kugawa?" Bibi akamjibu, "Mwenye akili ndiye anayejikatia kubwa." Basi tukazoea, kila aliyepewa anamega kidogo, anamwekea kiganjani. Mwisho alitushinda sote, shavu limevimba, anatucheka.

Usidhani nakupaka sukari. Kila baridi ya Juni kifua kilimtesa. Watoto wa njiani walimwiga anavyosema, na mimi siku moja nilirudi gauni limechanika kwa kumpigania. Na niliwasikia wakubwa wakinong'ona kwamba alipozaliwa, mkunga alimtazama akamuuliza bibi, "Huyu tumrudishe alikotoka?" Bibi akasema, "Arudi wapi, na kwao ni hapa?" Kifua hicho hicho kikaja kumchukua mimi nikiwa msichana. Watani wetu, ambao hawaachi msiba bila mzaha, siku ile walikaa kimya.

Mjukuu akafuta macho. "Bibi, yeye alikuwa na nyinyi. Mimi nina vyumba viwili na geti. Nikifa, wangu atabaki na nani?"

Kweli tupu. Ule ua uliojaa shangazi na wajomba uko wapi? Nikamwambia, "Sikudanganyi, mama. Akiumwa utakesha wewe, siyo padri wala mimi. Lakini swali hilo siyo la kujibu peke yako."

Kisha akampigia mumewe, kaweka spika. "Sikiliza. Mimi nazaa. Jumamosi njoo hapa kwa bibi, mama yako aje, na dada zako. Mje mniambie nani atamshika nisipokuwepo."

Zinasikika pikipiki tu upande wa pili.

"Mama atasema maneno."

"Aje ayasemee hapa."

"Haya. Nitamleta."

Zamani, mwenzangu, ndugu walikuwepo tu, ukigeuka unagongana nao. Huwaiti, huwapangii siku. Siku hizi mpaka wapigiwe simu, na wengine wanakuja wamenuna. Basi na waje hivyo hivyo na minuno yao. Nimeshamwambia jirani aniazime mabenchi.